Bildi ya Luteni Ashcombe

Wanaonijua wanasema Revocatus ana maneno mengi. Ni kweli, na sijawahi kukanusha. Mtu wa Bukoba akinyamaza, mpelekeni hospitali. Lakini hili ninalotaka kuwasimulia sikuliongezea chumvi. Lilikuja na chumvi yake lenyewe, ya baharini kabisa, na niliionja kwa ulimi wangu mchana kweupe, katikati ya jiji, ikitoka kinywani mwa mtoto wa mdogo wangu.

Kazi yangu ni kukusanya mizigo Guangzhou. Mfanyabiashara wa Mbeya au Mwanza hawezi kujaza kontena peke yake. Mmoja ananunua suruali soko la Shahe, mwingine mapazia, mwingine simu, wote wanaleta kwangu. Mimi nayapanga marobota kama matofali, nafunga mlango, kontena linakwenda Nansha kupanda meli. Ghala langu liko nyuma ya majengo makubwa ya nguo ya Guangyuan Xilu. Wachina wananiita laoban, yaani bosi, ingawa wanamwita hivyo kila mtu mwenye kalamu mfukoni. Niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililirudia. Lakini nikilitazama robota nakutajia CBM zake, yaani mita za ujazo, kabla futi haijatoka mfukoni, na futi ikitoka inaona aibu.

Huyo mtoto wa mdogo wangu anaitwa Odilia. Alikuja China kwa skolashipu kusomea bahari: kupima vina, kuchora ramani za meli. Nilimwuliza, "Mwanangu, Mhaya anasomea bahari ya nini wakati ziwa liko mlangoni?"

Akanijibu, "Baba mkubwa, ziwa mmeshalimaliza nyinyi kwa kujisifu."

Nikamwacha. Nikaona kweli ni damu yangu.

Alikuwa binti mrefu, mcheshi, anasuka rasta za rangi ya maruni, anapenda kula kuliko kufunga mizigo. Baba yake, Robert, alinikabidhi yeye kwa simu, kwa maneno machache: "Kaka, mrudishe kama alivyo." Kumbukeni maneno hayo, maana mimi siwezi kuyasahau hata nikitaka.

Jumamosi moja ya joto tulikwenda Nansha alfajiri kufunga kontena, mimi, Odilia na Agustino. Agustino ni mpakiaji wangu, mtu wa Songea, mabega kama kabati na mdomo usiokuwa na breki. Odilia aliomba kuja kwa sababu alikuwa anaandika kazi yake ya chuo kuhusu Mwingereza mmoja wa zamani, na Mwingereza huyo safari zake zilianzia pale, kwenye mdomo wa mto. Njiani akatusimulia.

"Luteni Ashcombe," alisema. "Afisa wa majini wa karne ya kumi na tisa. Alitumwa aizunguke bahari yote iliyo kusini ya hapa, apime kina chake, achore miamba na visiwa."

"Bahari ya nani?" Agustino akauliza.

"Hapo ndipo kwenye ugomvi, kaka. China inasema yangu, Vietnam inasema yangu, Ufilipino inasema yangu. Kuna miamba inazama maji yakijaa, na bado inagombewa."

"Kumbe kama kiwanja cha Dar kilichouzwa mara tatu."

Tulicheka. Odilia akaendelea, na nilimwona anapunguza sauti, kama mtu anayemsengenya aliye karibu. Alisema kuna mwamba mmoja ambao Ashcombe peke yake ndiye aliyeuona. Mchana mmoja alishusha mashua, wapiga makasia na mpimaji wao, waende wakaupime. Ukungu ukashuka juu yao. Walioko melini hawakuiona tena mashua, ila walimsikia mpimaji akiita kina cha maji kinavyopungua: pima kumi, pima saba, pima tatu. Halafu kimya. Luteni alisubiri kidogo, akaangalia saa yake, akaamuru meli iondoke kwa sababu alikuwa na ratiba. Baadaye roho ilimsuta. Maisha yake yote yaliyobaki alikuwa anarudi kuutafuta mwamba ule awachukue watu wake, na kila ramani aliyochora aliuweka mahali pengine.

"Sasa mwalimu wako anataka nini kwa marehemu huyo?" nikauliza.

"Anataka nijue kama mwamba upo." Akatazama nje ya dirisha. "Baba mkubwa, kuna nchi zinaugombea hata huo."

Tulipomaliza kufunga kontena tulipita mahali wanapouza vyuma vya meli zilizokatwakatwa. Chini ya mwavuli alikaa mzee mmoja na taa za shaba, nanga ndogo, na takataka za kila aina. Odilia akachuchumaa ghafla. Alinyanyua kipande cha risasi, kirefu kama mchi, kimefungwa kamba nene iliyozeeka. Kwenye kamba kulikuwa na vipande vya ngozi na vitambaa, hapa cheupe, pale chekundu.

"Bildi!" alisema, macho yanang'aa. "Hii ndiyo waliyopimia. Kila alama ni idadi ya pima. Na hapa kitakoni, mnaona hili shimo? Walilipaka shahamu ya ng'ombe. Bildi ikigusa chini, shahamu inanasa kilichopo. Unaivuta, unajua chini kuna nini."

Nikaanza kupatana bei. Hiyo ndiyo fani yangu, Guangzhou nzima inajua. Lakini yule mzee alipoona Odilia ameishika bildi, alisema, "Bu yao." Sitaki. Nikaongeza. "Bu yao." Akausukuma mkono wangu, akafunga mwavuli, akakusanya taa zake, akatuachia bildi na kuondoka harakaharaka bila kugeuka. Nimewaona Wachina wengi wakikataa bei. Sijawahi kumwona Mchina akikataa hela.

Tulirudi ghalani karibu na saa sita. Mnajua Wachina saa sita wanalala. Si utani. Duka linazimwa taa, muuzaji anajilaza juu ya marobota yake, jengo lenye watu maelfu linanyamaza kama kanisa la Jumatatu. Odilia naye alikuwa ameshaiga. Alijinyoosha juu ya marobota, kwenye gauni lake la njano, akasinzia papo hapo. Ile bildi ilikuwa sakafuni.

Mimi na Agustino tulikuwa tumebakiza mzigo wa Mama Loyce wa Morogoro kuupima, na futi ilikuwa imekatika. Agustino, mtu asiyeshindwa na kazi, akachukua ile kamba ya bildi. Akalipima robota la kwanza, la pili, la tatu. Robota la nne ndilo alilolalia Odilia. Agustino akanikonyeza. Akaivuta kamba taratibu, akailaza juu ya yule binti, toka utosini mpaka kisiginoni.

"Bosi," akanong'ona, "huyu naye CBM ngapi?"

Utani wa maghala. Nilifungua mdomo nicheke. Nikaufumba.

Kwetu kamba hulazwa juu ya mtu mara moja tu. Anayepimwa huwa hasikii tena, na kamba ile hupelekwa kwa wachimbaji wanaongoja na majembe. Agustino naye kwao ni hivyohivyo. Nilimwona amelikumbuka muda uleule niliolikumbuka mimi. Mkono wake ukasimama hewani.

Odilia akasema kitu. Macho yamefumba. Alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kuita, ndefu, kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya maji.

"Pima kumi na tatuuu!"

Kisha akageuka upande, akakoroma. Agustino aliikunja kamba. Alipoinua bildi, kwenye shimo la kitakoni kulikuwa na shahamu mbichi, inanuka ng'ombe. Na juu ya shahamu umenata mchanga mweupe, umelowa.

Likizo ya chuo ilikuwa imeanza, nikamwambia Odilia akae kwangu. Sikumweleza sababu. Yeye alikuwa mzima, anakula, anacheka. Lakini kila ikikaribia saa sita ya mchana usingizi ulimwangusha popote alipo, hata kijiko kikiwa mdomoni. Akilala, anaita. Pima kumi na moja. Kesho yake, pima tisa. Maji yalikuwa yanapungua chini yake, na yeye mwenyewe alitufundisha njiani mashua ile ilikutana na nini maji yalipokwisha.

Siku ya pima saba aliamka akikohoa. Maji yakamtoka mdomoni na puani, yakalowesha mto. Niliyagusa kwa kidole, nikaonja. Ndiyo, nilionja, anicheke anayetaka. Yalikuwa na chumvi na yalikuwa ya baridi, baridi ya mahali jua lisikofika.

Tulikwenda hospitali. Daktari akasema mapafu yake ni masafi kuliko yangu. Tulikwenda asubuhi, lakini. Asubuhi alikuwa wetu.

Agustino aliichukua bildi akaitupa kwenye gari la taka, akalifuata kwa pikipiki ya umeme mpaka akaliona linamwaga kwenye tanuri. Saa sita ilipofika bildi ilikuwa chini ya kichwa cha Odilia, imelowa, kamba imekunjwa vizuri kibaharia. Shimoni kulikuwa na kitu kimenata kwenye shahamu. Agustino alikivuta kwa kucha.

Ulikuwa unywele wa rasta. Maruni.

Odilia alikuwa amelala mbele yetu, rasta zake zote zimefungwa kitambaa. Bildi ilikuwa imekwenda chini na kurudi. Kilichonata ni kile kilichopo chini.

Nikasema potelea mbali, dawa ya usingizi ni kelele. Nikampeleka Odilia ndani ya majengo ya Guangyuan Xilu, penye wapagazi wanaokokota marobota na kupiga mayowe wapishwe. Tulizunguka asubuhi nzima. Nilimpigisha hadithi zangu zote, hata zile ambazo baba yake amenikataza.

Tulikuwa ghorofa ya juu saa sita ilipogonga. Taa zikazimwa, safu baada ya safu. Wauzaji wakajilaza. Odilia akaniambia, "Baba mkubwa, nishike," na miguu ikamwisha. Nikamlaza juu ya lundo la jaketi. Nikainua kichwa niombe msaada. Hakukuwa na mtu aliye macho ila mimi.

Mbele yetu palikuwa na duka la makoti, na sanamu za kuvalisha nguo zimepangwa mlangoni. Zile sanamu za huko hazina vichwa. Nilizitazama tu, basi, macho hayakuwa na kazi.

Moja ilikuwa na kichwa.

Ilivaa koti la buluu lenye vifungo vya shaba, na lilikuwa linachuruzika. Uso wake mweupe, umevimba kidogo, kama mkate uliolowa. Alishika chombo cha shaba jichoni, amekielekeza kwenye dirisha la paa, kwenye jua la saa sita. Alikuwa anapima mahali tulipo.

Akakishusha. Akatoa saa mfukoni. Akaitazama.

"Kina?" akanong'ona. Kiingereza changu ni cha sokoni, lakini hilo nililielewa.

Odilia akajibu akiwa amelala. "Pima nne."

Luteni alitikisa kichwa kukubali, mpole kabisa, kama bosi aliyeridhika na kazi. Akanitazama mimi. Nimegombana na maofisa wa forodha, nimegombana na wake wa watu. Siku ile nilichoweza ni kumfunika Odilia kwa mgongo wangu. Taa ziliporudi sanamu zote hazikuwa na vichwa. Sakafuni palikuwa na nyayo za viatu, za maji. Zilikuja mpaka alipolala Odilia. Hazikurudi.

Nilimpigia dada yangu Imelda, Bukoba, nikamweleza yote. Kule kulikuwa asubuhi. Imelda ni mkatekista, hanywi, hacheki, na mimi ananiona kama msalaba wake.

"Mmempima mtu aliye hai?" alifoka. "Na kamba? Amelala? Revo, huko China mlikwenda na akili au mliziacha kwenye begi lililozidi kilo?"

"Dada, nisaidie."

"Mimi ni mkatekista. Mambo ya kipagani siyajui." Kisha akashusha sauti. "Sasa sikiliza yanavyofanywa. Kamba ikishampima mtu, haiendi mikono mitupu. Umesahau tulimzikaje baba yetu mdogo aliyepotelea ziwani? Tulizika nini?"

"Mgomba."

"Basi. Mpe Mwingereza wenu mgomba. Aliyempima binti ndiye aupime, kwa kamba ileile, urefu uleule. Uvalishe nguo ambayo binti alipimwa nayo. Uite kwa jina lake. Na mlie, Revo. Mlie kweli. Ukiigiza, hatadanganyika."

Sasa mtu asiyeijua Guangzhou atauliza, mgomba utapata wapi China? Nansha, ndugu yangu. Kule kwenye matuta ya mdomo wa mto wanalima ndizi mpaka unaweza kudhani uko kwenye kibanja cha migomba Kamachumu. Asubuhi yake tulikuwa pale, mimi, Agustino na Odilia amejikunja kiti cha nyuma, midomo imebadilika rangi, anatetemeka kwenye joto linalopasua mawe. Tulishamweleza kila kitu.

"Baba mkubwa," aliniambia kwa sauti ndogo, "jana nilimwona mpimaji wao. Amechoka. Anataka mtu wa kumpokea kamba." Akanishika mkono. "Nimependa kuandika habari zao. Sitaki kwenda kwao."

Tulikata mgomba mmoja mnene. Tukaushusha kwenye tuta la mawe, mto ulipoungana na bahari. Ukungu ulikuwa umeanza kuja, na jua lilikuwa utosini. Ukungu wa saa sita. Sikuwahi kuuona kabla, na sijauona tena.

Odilia akaanguka ndani ya gari.

"Pima tatuuu!"

Agustino alipiga magoti. Akailaza kamba juu ya mgomba, toka juu mpaka chini. Akakata ulipozidi. Tukauvalisha gauni la njano. Kwenye mawe pale, ndani ya gauni, ulionekana kama mtu. Nilitamani usionekane hivyo.

"Muite," Agustino akanong'ona.

"Odilia," nikasema.

"Lia, bosi."

Nilijaribu. Mimi msibani ndiye ninayeongoza vichekesho; machozi hayanijui. Nikatoa sauti, ikatoka ya bandia. Nikaisikia mwenyewe. Majini, ndani ya ukungu, makasia yalikuwa yanagonga. Taratibu. Kwa pamoja.

"Pima mbiliii!" Sauti ilimkwama Odilia, ikabubujika maji.

Ndipo nikaona mguu wake umetokeza mlangoni mwa gari. Kiatu kimoja kimemvuka. Nikasikia sauti ya Robert: kaka, mrudishe kama alivyo. Sikulia. Nililipuka. Nililia kama ng'ombe, nikamwita Odilia mwanangu, nikagaragara na mgomba ule kwenye mawe, na Agustino akalia pamoja nami kwa Kingoni, tukaufunga na bildi yake, tukausukuma majini.

Mgomba unaelea. Mtoto wa Kihaya anayajua hayo kabla hajaota meno.

Ule haukuelea. Ulisimama. Ulisimama wima majini, gauni likitanda pande zote, kama mtu aliyeingia kisimani akakuta maji ya kifua. Makasia yakanyamaza karibu kabisa. Kwenye ukungu niliona ubavu wa mashua na migongo ya watu walioinama. Hakuna aliyegeuka. Nyuma alisimama yule wa koti la buluu. Akainama, akamshika yule wa njano chini ya kwapa, akampandisha mashuani kwa upole, kama anayempandisha mwanamke mjamzito.

Na wakati anapandishwa, niliona mkono. Mkono ulishika ukingo wa mashua. Mgomba hauna mkono.

Luteni akatazama saa yake. Makasia yakaanza.

"Hakuna kina!" Odilia aliita garini. Sauti yake mwenyewe, ya kawaida. "Hakuna kina, baba mkubwa, kamba haifiki!" Akaketi. Akakohoa mara moja, kavu. Ukungu ulikuwa umeondoka. Akauliza kama kuna chochote cha kula.

Alikula mpaka Agustino akaomba apumzike. Saa sita ya kesho yake hakulala. Wala ya keshokutwa. Nilimpigia Robert nikamwambia mtoto mzima, na nilijisifu wiki nzima Guangzhou yote, mnanijua. Nilisema nimemdanganya Mwingereza kwa mgomba, na hilo ni deni la ukoloni limelipwa.

Baada ya muda, tukiwa ghalani tunakunywa chai, waliingia askari wawili, mmoja kijana anayejua Kiingereza. Adabu nyingi. Akauliza nani ni ndugu wa Odilia, akataja jina lote kama lilivyo kwenye pasi ya kusafiria.

"Mimi," nikasema.

"Pole sana, laoban." Akavua kofia. Akasema wavuvi wamempata kwenye nyavu, mbali, kusini kabisa, penye miamba. Amekaa majini muda mrefu, lakini alama za vidole zimesomeka, na kwenye kumbukumbu za wageni zimetoa jina moja tu. Akanionyesha simu. Gauni la njano. Rasta za maruni. Uso sikuutazama mara mbili.

"Kuna makosa," nilisema. "Odilia huyu hapa. Anakumiminia chai."

Kijana akamtazama Odilia. Akaitazama simu. Akaigeuza kifudifudi juu ya meza, taratibu. Akatoa kile kimashine chao cha kusoma vidole, akamwomba samahani, aweke dole gumba.

Odilia akaweka. Mashine ikawaza. Kioo kilipata unyevu; kijana akakifuta, akamwomba arudie. Akarudia, vidole vyote, kimoja kimoja. Kijana akasoma maandishi, rangi ikamtoka.

"Inasemaje?" nikauliza.

"Mei you," akanong'ona. Neno hilohilo tunaloambiwa sokoni saizi ikiisha. Hakuna.

Nilisaini nikasema ni pacha. Tulimzika yule mwingine hukohuko, mimi na Agustino, kwa heshima zote. Hakuna aliyethubutu kumpima, wachimbaji walikisia. Odilia nilimrudisha Bukoba kwa mikono yangu, na Robert alimkumbatia mpaka akamnyanyua juu. Anafundisha shule sasa. Anacheka vilevile, anakula vilevile, na mama yake anaapa hajabadilika hata kidogo.

Nilikuwa kwao Krismasi iliyopita. Akanipa mkono kunisalimia, nikaushika kidogo zaidi ya kawaida, nikaugeuza kwenye mwanga. Ncha za vidole vyake hazina mistari. Hata mmoja. Ni laini tupu, baridi kidogo, kama kitako cha mgomba uliokatwa sasa hivi.

Aliona ninavyotazama. Akafumba ngumi, polepole.

"Baba mkubwa," akaninong'oneza, akitazama mlango wa jikoni, "mama asijue."